Mume haruhusiwi kuinama, mtoto anataka kubebwa, na wateja wanaulizia picha zao

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa nane usiku, nimekaa sakafuni jikoni na laptopu mapajani, maana humu ndimo pekee ambamo mwanga wake hauamshi mtu. Barua ikiruka ruka unisamehe.

Mimi ni mpiga picha wa familia. Napiga wajawazito, watoto wachanga wa siku chache, wazazi na watoto wao, wakati mwingine ukoo mzima kuanzia babu hadi vitukuu. Kazi hii nimeijenga kwa miaka saba, nikianzia na kamera ya kuazima. Nina binti wa miaka sita na mvulana wa miezi 14 ambaye ndiyo kwanza amejua kutembea, kwa hiyo nyumbani hakuna droo iliyosalimika.

Wiki tatu zilizopita mume wangu alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Diski moja ya chini ilikuwa imechomoza ikabana neva, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiwaka moto hadi vidoleni. Upasuaji ulikwenda vizuri, ule moto ulipoa karibu siku ileile. Kilichotushinda ni masharti. Kwa wiki sita asiiname, asinyanyue kitu kizito, asijipinde kiuno. Atembee kidogo kidogo, na asikae kitako kwa muda mrefu. Basi fikiria nyumba yenye mtoto wa miezi 14 na baba asiyeweza kuinama.

Zamani yeye ndiye aliyekuwa akibaki na watoto Jumamosi, siku yangu kubwa ya kazi. Yeye ndiye aliyewaogesha jioni. Yeye ndiye aliyenibebea stendi na taa. Sasa naamka saa kumi na moja alfajiri, namshika mikono yote miwili namvuta ainuke kitandani, nampeleka bafuni, nawaandaa watoto, nampa dawa, nampeleka binti shule, narudi, nampiga mteja picha na mtoto nimemfunga mgongoni, usiku nahariri. Dawa ya usiku kuna siku nampa halafu baada ya saa moja sikumbuki kama nimempa au nilikusudia tu.

Kuna mambo matatu yamenikalia kooni.

La kwanza. Siku ya kumi na mbili baada ya upasuaji nilikuwa nje naanika nguo. Mtoto akasimama kando ya kitanda, mikono juu, analia anataka baba yake ambebe. Nilipoingia nilimkuta mume wangu ameinama, ameshamshika makwapani. Nilipiga kelele, Shangazi. Nilimwambia mbele ya watoto kwamba ana akili za mtoto kuliko mtoto mwenyewe. Alimwachia, akajilaza, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo mtoto akienda kitandani mikono juu, baba yake anafumba macho kama aliyelala. Juzi nilimuuliza ana nini. Akasema, "Nimekuwa samani. Mnanipangusa na kunisogeza."

La pili. Jumamosi iliyopita nilikuwa na familia ya watu wanne. Baba akamrusha mwanawe juu akamdaka, mtoto anacheka hadi anakwama pumzi. Ni picha ambayo naomba kila familia wanipe. Niliibonyeza shata, halafu nikaanza kulia nyuma ya kamera. Nikawaambia vumbi limeniingia jichoni.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Usiku wa siku ileile, katika kuchanganya kadi, nilifomati kadi ya familia nyingine kabla sijaihamishia kwenye kompyuta. Nikapiga picha kama kumi na mbili za binti yangu kwa kadi hiyohiyo ndipo nikagutuka. Nimeitupa kwenye droo, sijaigusa tena. Mama wa familia hiyo alipopiga simu nikamwambia kompyuta iko kwa fundi. Mume wangu alikuwa anasikia. Akauliza, "Kwani kompyuta imeharibika?" Nikasema ndiyo. Na laptopu yenyewe ilikuwa hapo mbele yake inamwonyesha mtoto katuni. Aliniangalia tu.

Dada yangu ananiambia mshika mawili moja humponyoka, kwa hiyo niweke kamera chini hadi mume apone. Lakini mume wangu amejiajiri, asipofanya kazi hakiingii kitu, na sasa kamera ndiyo inayotulisha. Mbele yangu kuna miadi saba: watoto wachanga wawili ambao mama zao wanajifungua wakati wowote, familia moja yenye bibi anayesafiri baada ya siku kumi, na familia nne za kawaida. Nyuma yangu kuna familia tatu zinazosubiri picha, ukiacha ile ya kadi.

Niache kazi? Niwaambie nini wateja? Na huyu mume aliyegeukia ukutani nimgeuzeje?

Mpiga Picha wa Jikoni

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na kadi, kwa sababu mengine yanaweza kungoja nimalize kuzungumza, hiyo haiwezi. Kuitupa kwenye droo bila kuigusa umefanya jambo la maana kuliko unavyodhani. Kamera ikifomati kadi kwa njia ya kawaida, ile ya haraka, haifuti picha zenyewe. Inafuta orodha inayosema picha ipi iko wapi. Picha hubaki palepale mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Wewe umeandika kumi na mbili, kwa hiyo zipo zilizofunikwa, lakini nyingi huenda bado zimo. Usiirudishe kwenye kamera hata kwa kujaribu. Ukiichomeka kwenye kompyuta ikakuambia kadi hii inahitaji kufomatiwa, kataa. Zipo programu za kurejesha picha zilizofutwa. Ukiitumia, picha zinazopatikana zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Kama mikono yako inatetemeka, na kwa usingizi unaolala lazima itatetemeka, mpelekee fundi wa kurejesha data kabla hujajaribu chochote wewe mwenyewe. Fundi hupata taabu zaidi na kadi iliyokwisha kuhangaishwa.

Na kuanzia leo, kadi iliyotumika na kadi tupu zisikae mfuko mmoja. Wapiga picha wengi hugeuza kadi iliyojaa uso chini kwenye kasha lake, na hawaifomati mpaka picha ziwe zimekaa sehemu mbili tofauti. Kanuni yenyewe unaijua: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Unaijua, ila hakuna anayeifuata saa nane usiku. Ndiyo maana naiongezea ya kwangu: baada ya saa nne usiku hakuna kufuta, hakuna kufomati. Kuhariri unaweza ukitaka, maana uhariri mbaya asubuhi unarekebishika.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia kwamba una kazi tatu: kamera, watoto, mgonjwa. Mimi nimesoma barua yako mara mbili nikahesabu nne. Ya nne ni kuficha. Mteja wa kadi umemficha kwa fundi wa kompyuta asiyekuwepo. Familia ya Jumamosi umeificha kwa vumbi. Wale watatu wanaosubiri picha hujasema umewaambia nini, nami nadhani hujawaambia kitu. Mume wako umemficha kadi, naye amekaa na laptopu iliyo kwa fundi, anatazama katuni. Mwanangu, hizo kazi tatu ni nzito lakini watu wanazifanya. Ya nne ndiyo inayokukalisha sakafuni jikoni, kwa sababu hiyo huwezi kumpa mtu akushikie.

Kwa hiyo hapana, sikuambii uache kamera. Nakuambia uache hiyo ya nne, na mahali pa kuanzia ni kitandani kwa mume wako.

Ulipompigia kelele, ulichosema kilikuwa kweli kwa sehemu. Mtoto wa miezi 14 ana kilo tisa, kumi hivi, na kumnyanyua kutoka sakafuni umeinama ndicho hasa alichokatazwa. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Kosa lilikuwa maneno na wasikilizaji. Kamwombe radhi, na binti yenu awepo, kwa sababu alikuwepo uliposema. Usiongeze "lakini na wewe". Baada ya hapo mwambie habari ya kadi. Yote, pamoja na lile la fundi. Najua unataka kumpunguzia mawazo. Niliwahi kumuuguza marehemu mume wangu baada ya upasuaji wa nyonga, nikawa namwambia kila kitu ni shwari, naye akawa anajifanya amelala ili nisimwone akilia. Tuliishi hivyo mwezi mzima, watu wawili waongo katika chumba kimoja. Mgonjwa akiona unamficha mambo hapumziki. Anajua tu kwamba ametolewa kwenye baraza.

Akishajua, mpe kazi. Ya kweli, si ya kumfurahisha. Familia moja unapiga picha mia nne, mia tano, na mteja anapokea arobaini au hamsini. Kule kuchambua ndiko kunakokula usiku wako, na kujua nani amefumba macho hakuhitaji mtu aliyesomea upigaji picha. Weka laptopu juu ya kitu kirefu kinachomfika kifuani, asimame, achambue dakika ishirini, atembee, ajilaze, arudi. Hiyo inapatana na masharti ya kutokaa kitako muda mrefu, ila akisikia mgongo unakaza aache. Sharti langu ni moja: aweke alama tu, asifute chochote, kwa sababu dawa kali za maumivu huleta usingizi na uzito wa kichwa, na mmoja wenu aliyefuta picha anatosha. Simu za wateja pia apokee yeye. Samani haipokei simu.

Mtoto naye apelekwe kwa baba, badala ya baba kumwinamia mtoto. Mume wako ajilaze ubavu au aketi kwenye kiti kigumu chenye mgongo ulionyooka, kisha wewe, au mtu mwingine mzima aliyepo, ndiye umnyanyue mtoto na kumweka pembeni yake. Asiwekwe juu yake. Dakika kumi, kitabu kimoja cha picha, basi. Fanya hivyo kila siku kwa saa ileile, hata siku ambayo hujamaliza kazi, hata siku mmenuniana. Mtoto wa umri huo haelewi upasuaji, ila anaelewa zamu. Akishajua kwamba kuna wakati wake wa kuwa na baba, ile mikono juu itapungua makali. Binti wa miaka sita unaweza kumwambia wazi: mgongo wa Baba umeshonwa ndani, unahitaji muda, na wewe hukusababisha. Hilo la mwisho mwambie hata kama hajauliza.

Kuna jambo ulilipitia haraka lililonishtua: unamshika mikono unamvuta ainuke. Acha kesho asubuhi. Unauvuta mgongo wa mtu aliyetoka kupasuliwa, na unaumiza wako. Kwa kawaida mtu wa upasuaji wa mgongo hufundishwa kugeuka kama gogo. Akiwa chali anakunja magoti, anageuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja bila kiuno kujipinda, kisha anashusha miguu nje ya kitanda huku akijisukuma kwa mikono yake mwenyewe hadi amekaa. Wewe unasimama karibu, mikono tayari, lakini hushiki kitu. Kama hakuonyeshwa hospitalini, ombeni mtaalamu wa viungo awaonyeshe. Wewe hapo unabeba mtoto, begi la kamera na mume. Mgongo wako pia una diski.

Dawa. Bandika karatasi ukutani karibu na kitanda, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Kila dawa inapomezwa, saa inaandikwa palepale, na mwandikaji awe yeye. Saa ikishaandikwa, hakuna ubishi. Someni pia pakiti zenyewe, kwa kuwa dawa nyingi za maumivu zina parasetamoli ndani yake bila jina la mbele kusema hivyo. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500 ukijumlisha kila kilichomo, na wapo ambao daktari huwapunguzia zaidi. Dawa kali za maumivu hufanya choo kuwa kigumu, na kujikamua si jambo zuri kwa mgongo huo, hivyo asione haya kumwambia daktari.

Mimi si daktari, lakini haya usiyangojee kliniki: homa, kidonda kutoa usaha au maji, kichwa kinachouma zaidi anapoinuka, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hayo mpigie simu daktari siku hiyohiyo. Akipoteza hisia katikati ya mapaja, akishindwa kukojoa au kujizuia, mguu ukilegea ghafla, au akibanwa kifua na pumzi, hapo ni kukimbilia hospitali, hata ikiwa saa nane usiku na una picha mia tano.

Tuje kwenye kalenda yako. Miadi saba si mizigo saba iliyo sawa. Iulize kila moja swali moja: ikisogezwa mwezi mmoja, itapotea? Bibi anayesafiri atapotea. Hiyo ifanye, ifanye fupi, na uanze na yeye na wajukuu kabla hajachoka. Familia nne za kawaida hazipotei. Watoto watakuwa wamekua nusu kidole, basi. Zisogeze zote nne, na usizisogeze hadi wiki ya sita yenyewe. Watu huiona wiki ya sita kama mlango, kwamba siku hiyo mtu anaamka anabeba magunia. Ni siku ya kuonana na daktari tu. Baada ya hapo kunyanyua vitu kunarudi taratibu, na usiku wa kwanza atakapowaogesha watoto huenda kesho yake akalala mchana kutwa. Jipe wiki mbili juu yake.

Watoto wachanga ndio mtihani. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba zile picha za mtoto aliyejikunja kama yungali tumboni hupigwa zaidi katika wiki mbili za kwanza, wakati analala fofofo na viungo vinakunjika, kwa hiyo kusogeza maana yake ni kupoteza. Mmoja mpe mwenzako unayemwamini, umtambulishe kwa mteja mwenyewe. Itauma mfukoni. Mwingine mfanye, lakini si kwa namna yako ya siku zote. Ile picha ya mtoto ameshikilia kidevu kwa mikono yake miwili sitaki kuisikia mwezi huu. Inapofanywa kwa usalama ni picha mbili zilizounganishwa, kila moja ikiwa na mkono wa mtu umeshikilia kichwa au vifundo vya mikono ya mtoto, na mtu huyo hatazami kwingine. Wewe huna msaidizi, na usiku unalala kwa saa tatu tu. Mpige mtoto mikononi mwa mama yake, kwenye kitanda chao, karibu na dirisha, amefungwa kitambaa chake. Mteja hatakosa kitu. Na mtoto wako usimfunge mgongoni siku hiyo. Kichanga cha watu kinataka mtu mwenye mikono yote miwili na mgongo mtupu.

Mtoto atabaki na nani? Yupo dada yako. Methali yake tumeisikia, ni nzuri, lakini haimhesabu mtu anayeshika matatu kwa sababu hakuna aliyenyoosha mkono kumpokea. Mpigie umwambie hivi: "Dada, nimekusikia. Sasa njoo Jumamosi tatu zijazo, saa tatu hadi saa saba, unishikie mtoto." Usimwambie "ukipata nafasi". Watu wenye ushauri mwingi hupata nafasi wakitajiwa siku na saa. Asipokuja, angalau ushauri utapungua.

Kwa wale watatu wanaosubiri, tuma ujumbe kesho, na usihadithie upasuaji mzima. Mteja hahitaji kujua diski ipi. Anahitaji tarehe na njia ya kutokea. Kitu kama hiki:

"Habari. Mume wangu amefanyiwa upasuaji na mimi ndiye ninayemuuguza, kwa hiyo nimechelewa na picha zenu. Samahani kwa kukaa kimya. Leo nawatumia picha tano zilizokamilika, zilizobaki mtazipata tarehe fulani."

Tarehe hiyo ichague halafu uongeze siku tano kabla hujaiandika. Picha tano za mwanzo zichague kwa akili: moja yenye kila mtu, moja ya mama na watoto, nyingine zile za kucheka. Mama akishapata picha ya kumtumia mama yake, hasira humtoka kwa muda mrefu. Familia nne unazozisogeza ujumbe wao ni huohuo, ila wape chaguo: tarehe mpya, au warudishiwe malipo ya awali. Wachache watachukua fedha zao. Rudisha bila maelezo.

Yule wa kadi ni wa kupigiwa simu. Mpigie, kabla kadi haijafika kwa fundi, si baada. Mwambie kompyuta haikuwa kwa fundi, uliona aibu. Mwambie kadi ilifomatiwa kwa bahati mbaya, picha nyingi zinaweza kurejeshwa, na utampa jibu siku fulani. Zisipopatikana, mwahidi mambo mawili: fedha zake zote, na kikao kingine bure akikitaka. Atakasirika. Ana haki, mwache amalize. Usilie kwenye simu ili akuhurumie, akikuhurumia utakuwa umemwongezea kazi.

Ulinigusa na lile la kulia nyuma ya kamera. Hukulia kwa wivu, nadhani unalijua hilo. Umekuwa ukiwaagiza kina baba warushe watoto juu kwa miaka saba, na sasa picha ileile imekugeukia. Nimewahi kusoma habari za Imogen Cunningham, mpiga picha wa Marekani aliyezaliwa 1883. Mwaka 1917 alifunga studio yake Seattle, akahamia California akiwa na mtoto mdogo na mapacha tumboni. Akawa hawezi kwenda popote. Miaka ya 1920, wanawe watatu wakiwa bado wadogo, aligeuza kamera kwenye mimea ya bustani yake, na leo lile ua lake la magnolia la 1925 ni miongoni mwa picha zake zinazojulikana zaidi. Sikuambii upige maua. Nashangaa tu kwamba mpiga picha wa familia ana wiki tatu nzito kuliko zote ndani ya nyumba yake, na katika barua nzima picha pekee za nyumbani ni zile kumi na mbili za binti, nazo zimekaa juu ya picha za watu wengine.

Lakini hapo pia usiwe wewe wa kupiga. Nina hakika nikifungua albamu zenu za miaka sita nitamwona mume wako, nitawaona watoto, wewe nitauona mkono au kivuli. Aliyelala kitandani anaiona nyumba kutoka kimo cha mtoto, na anakuona wewe mchana kutwa ukipita mlangoni na nguo, na mtoto, na sahani. Chukua kamera ndogo uliyonayo, uifunge lenzi nyepesi, betri ijae, na kadi iwe mpya kabisa, nakuomba. Iweke upande wa mkono wake, mahali asipohitaji kujipinda kuifikia. Kisha toka uanike nguo.